Siku Kumi za Mwalimu Demissew

Katika chuo kile cha biashara mjini Adama, mwalimu Demissew alifahamika kwa maneno matatu: "Kalenda ya nani?" Kwa miaka kumi na tisa alifundisha usimamizi wa ugavi, yaani safari ya mzigo tangu kiwandani hadi mkononi mwa mnunuzi, na kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa hilohilo. Anaingia darasani, hasalimii mtu, anaandika tarehe ubaoni, kisha anageuka na kuuliza kwa ukali wa karani wa forodha aliyeamka vibaya: "Kalenda ya nani?" Wageni hubaki wakitazamana. Kalenda yetu na ya wazungu hazilingani. Mwezi wetu wa Tikimt huanza wakati Oktoba yao imeshakula siku kumi, na mizigo inayofika bandari kavu ya Mojo huja na karatasi za kalenda zote mbili. Hapo huwasimulia habari ya makasha ya dawa yaliyoharibika ghalani kwa sababu karani alidhani ishirini ya wenzake ndiyo ishirini yake.

"Kosa la karani lilikuwa nini?"

"Hakuuliza, mwalimu!" darasa zima huitikia.

Wala hakuishia ubaoni. Watoto wa madereva wa malori na wa wauza vitunguu aliwafundisha kufunga tai, kumtazama msaili machoni, na kusema "sijui" bila kutetemeka. Kuna mvulana alimvika koti lake mwenyewe siku ya usaili, na koti halikurudi. Kampuni moja ya kigeni ya usafirishaji pale Mojo ilimwamini mno: iliwaita aliowataja yeye, na asiyetajwa naye hakuitwa. Wazazi walimwamkia barabarani kama askofu, naye, tusifichane, alipenda sana kuamkiwa hivyo.

Mwaka huu jina la kwanza katika orodha yake lilikuwa la Mahlet, binti wa Zenebech, mama anayepika mikate ya injera nyuma ya kituo cha mabasi. Msichana huyo angeweza kutazama rafu za duka akakwambia sukari itaisha siku gani, na kweli ikaisha. Barua ya kampuni ya kumwita Mahlet ilipofika, Demissew alikuwa mbioni kwenda mazishini. Aliisoma amesimama, akachomoa daftari lake la mfukoni, akaandika: *Mahlet, usaili, 20*. Basi. Mwezi hakuandika. Kesho yake akalifungua daftari, ambalo kurasa zake ni za kalenda yetu, akamwambia binti, "Tikimt ishirini, saa tatu asubuhi. Usichelewe hata dakika moja."

Mahlet hakuchelewa hata dakika moja. Alichelewa siku kumi. Usaili ulikuwa Oktoba ishirini.

Asubuhi iliyofuata, habari zilipomfikia, Demissew aliitafuta ile barua kwenye droo ya meza, akaisoma upya, na damu ikamwisha usoni. Alikuwa bado ameilalia kwa kiwiko Mahlet alipoingia ofisini na kuinama mbele yake.

"Nisamehe, mwalimu. Nimeharibu tarehe. Nimekuaibisha kwa watu wako."

Alichotakiwa kufanya ni kuondoa kiwiko. Alijua, na hata mkono ulimwasha kwa kujua. Lakini mtu aliyeimba "kalenda ya nani" miaka kumi na tisa atasemaje kwamba hakuuliza? Akakohoa, akasema, "Uwe mwangalifu, binti. Kazi hii haitaki watu wa kubahatisha."

Wiki ileile darasani aliandika tarehe ubaoni kwa mazoea, akageuka. "Kalenda ya nani?"

"Ya Mahlet!" akapaza sauti mmoja wa nyuma.

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na Mahlet alimwona. Tangu siku hiyo alirudisha sahani yake jikoni haijaguswa. Bizunesh, mkewe, alidhani ni tumbo, akamchemshia tangawizi.

Kisha kampuni ikaandika tena: ilitaka majina mawili zaidi, mwisho Jumatatu. Demissew alikaa na karatasi siku tatu. Kumtaja Mahlet kulimaanisha kueleza kwa nini mara ya kwanza hakutokea. Akaandika majina ya wengine wawili, wazuri tu, akaiacha barua juu ya kabati bila kuitia saini, na kila alipopita hapo aligeuza uso.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, wazee watatu wakabisha hodi. Aliyetangulia ni Wubishet, karani mstaafu wa stesheni ya reli, ambaye sote tunamwita Gashe kwa heshima ya umri wake. Nyuma yake alikuwa padri mwenye msalaba wa mkononi, na mwenyekiti wa chama cha mazishi cha mtaa. Nje, langoni, Zenebech na binti yake walisimama wamejifunika mitandio meupe.

"Karibuni, wazee wangu, kaeni," Demissew alisema.

"Hatukai," akajibu Gashe Wubishet.

Demissew akaelewa. Wazee wakitumwa kuombea mtu msamaha hawagusi kiti mpaka wapewe walichofuata.

"Tumekuja kwa ajili ya binti wa Zenebech. Mtoto amekosa, hatukatai. Amechanganya tarehe, amekuvunjia heshima kwa wageni. Mama yake wiki hii hali, hanywi. Msamehe, mwanangu, umrudishe katika orodha yako."

"Gashe, kaeni kwanza. Kahawa inakaangwa."

"Magoti yananipigia kelele, lakini sikai. Nimesimama stesheni miaka thelathini nikingoja treni za Djibouti. Wewe utanishinda?"

Demissew aliwatazama: miguu ya padri iliyovimba, mwenyekiti aliyeshika ukuta, wote wamevaa nguo zao nzuri kuja kumwombea asiye na kosa kwa mwenye kosa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Hakukosa," alisema. "Nimekosa mimi. Tarehe niliiandika vibaya mimi mwenyewe."

Padri akainua msalaba wake, uso umemchangamka. "Mmemsikia? Anajitwisha kosa la mtoto ili mtoto asiaibike! Huyu ndiye mwalimu!"

"Nasema kweli, baba! Huu si ukarimu!"

"Ndivyo wanavyosema wakarimu wote," padri akamjibu. Gashe Wubishet alikuwa tayari anafuta machozi kwa ncha ya shali.

Hapo ndipo Demissew alipoona aibu kuliko siku zote alizonyamaza. Hata ukweli, ukitoka kinywani mwake, uligeuka kuwa sifa. Akakimbilia chumbani, akarudi na ile barua ya kampuni pamoja na daftari. Gashe Wubishet akaigeuza barua juu chini. "Miwani nimeiacha kanisani. Na hata ningekuwa nayo, hiki ni Kizungu."

"Basi mwiteni Mahlet asome."

Mahlet akaingia, macho chini, mama yake akibaki kizingitini. Mwalimu alimnyooshea barua, lakini hakuipokea.

"Naijua, mwalimu."

"Unaijuaje?"

"Mlinzi wa Mojo alinionyesha nakala siku ileile niliyokwenda. Oktoba ishirini, na jina lako juu yake."

"Kwa hiyo ulipokuja ofisini ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa msamaha uliniomba wa nini?"

Msichana aliinua uso. Sauti yake ilitetemeka, lakini hakuacha kusema. "Nilikuwa nakufungulia njia. Nilidhani nikisema ni mimi, utasema, 'Hapana, Mahlet, ni mimi.' Ukaniambia niwe mwangalifu. Halafu darasani wakanicheka, na wewe ukacheka."

"Mahlet! Huyo ni mwalimu wako!" Zenebech aliropoka kutoka mlangoni. Kisha maneno ya bintiye yakamwingia. "Kumbe ulijua, ukaniacha nawatembeza wazee wa watu juani?"

"Ungenikataza kusema, mama."

Kweli angemkataza.

Gashe Wubishet alikitazama kiti kilichokuwa nyuma yake. Polepole, kwa kuguna, akakaa. Padri akamfuata akiuficha msalaba kwenye mkunjo wa joho, na mwenyekiti akakaa wa mwisho.

"Sisi tumemaliza," mzee alisema. "Hatuna wa kumwombea tena. Mahlet, njoo ukae hapa, na mama yako. Mwenye la kuomba ni mwalimu."

Demissew akabaki wima katikati ya sebule yake mwenyewe, daftari mkononi, hajui mikono aipeleke wapi. Vijana mia ngapi aliwafundisha kusimama mbele ya watu! Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Mahlet. Kwa tarehe, na kwa kicheko. Kicheko ndicho kinachoniua."

"Andika barua kwanza, mwalimu. Useme nani alikosea tarehe. Na msamaha uniombe kesho darasani, mbele ya waliocheka."

Demissew akaichukua karatasi iliyokuwa juu ya kabati, akaichana, akatafuta nyingine. Bizunesh, aliyekuwa amesimama na birika mlangoni mwa jikoni na kusikia yote, akamsogezea mumewe kigoda ili aandike vizuri. Gashe Wubishet akainua fimbo yake.

"Mwache, mama."

Basi akaandika kwa kuinamia kabati. Akawaambia watu wa kampuni ya Mojo kwamba binti hakukosa, kwamba yeye, mwalimu wao wa kuaminika, ndiye aliyesoma tarehe ovyo na kisha akanyamaza. Neno la kunyamaza alilikata, akalitazama, akaliandika tena. Bizunesh akamimina kahawa ya kwanza, ya pili na ya tatu kama desturi inavyotaka. Wageni wakanywa wamekaa, Mahlet katikati yao, na mwenye nyumba akanywa vikombe vyake vyote vitatu akiwa amesimama.