Koroma Kidogo, Nikupime

Saa mbili na robo asubuhi, mtoto wa miaka sita anakoroma akiwa amesimama. Amefumba macho, na mngurumo unaomtoka ungemfaa mzee wa kilo tisini. Wenzake watatu kwenye benchi wanacheka mpaka wanaegemeana. Fundi, miwani imemshuka puani, anamzungushia futi kifuani, anangoja pumzi iingie yote, kisha anaandika namba kwenye daftari.

"Huyo ni baba. Na mama je, anakoromaje?" anauliza.

"Mama hakoromi. Anapuliza kama birika."

Mama mwenyewe, aliyekaa karibu na mlango, anajifunika uso kwa mkoba.

Ni wiki ya kwanza ya muhula, na hawa ni waliochelewa kuandikishwa. Fundi ana miaka hamsini na tisa. Thelathini na minne kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki chenye cherehani mbili, pasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na dirisha linalotazama geti la shule ya msingi. Cherehani moja ni yake, nyingine ya binti yake. Sare za shule hiyo ndizo zinazowaweka mjini: wiki chache za kufungua shule huwaletea karibu nusu ya kipato cha mwaka mzima.

Watoto humwita Bibi Koroma. Wazazi wao, ambao wengi aliwapima wakiwa wadogo, bado wanamwita Mama Simama. Kati ya majina hayo mawili kuna kisa, na kisa hicho nusura kimfungashe virago.

Kazi alifundishwa na shangazi yake. Enzi za shangazi, mtoto hakufika kwa fundi. Ilifika kamba. Mama alimpima mwanawe nyumbani, akapiga fundo moja la urefu na jingine la kifua, akaituma. Shangazi alikunja pindo pana kama kiganja, ili gauni lishushwe mwaka hadi mwaka, na likimkataa dada mtu limpokee mdogo wake.

"Mimi nilikuwa wa nne," fundi anasema. "Gauni likinifikia, linaijua njia ya shule kuliko mimi."

Hakuna aliyemuuliza kama linamfaa, naye hakusema. Mtoto wa siku zile, anaeleza, alikuwa kama stuli: unamsogeza pale, anakaa palepale.

Alipopata cherehani yake mwenyewe, watoto walikuwa wameanza kuletwa wapimwe. Aliona hayo ni maendeleo makubwa. Alimshika mtoto bega, akamwambia, "Simama wima," na dakika moja haikuisha. Maswali yote aliulizwa mama. Nguo ikibana, mama na fundi walikuwa na jibu moja: itajilegeza ikivaliwa.

Mwaka jana alishona sare sitini na mbili. Siku ya tatu ya muhula, kumi na tisa zikarudi, zote zinabana kifuani. Mwalimu mkuu, mwanamke asiyejua kupandisha sauti, alimwambia taratibu kwamba atamwachia mwaka mmoja tu wa kujirekebisha. Zikirudi tena, shule itaagiza zile za dukani zinazokuja zimekunjwa kwenye plastiki.

Fundi alinuna. Alilaza futi juu ya rula kuona kama imevutika. Haikuvutika hata kidogo. Akawalaumu akina mama kwa mikate, akawalaumu na watoto wenyewe kwa kudeka. Sisi tulivaa tukanyamaza, alikuwa akimwambia binti yake kutwa nzima.

Jibu alilipata kwa msichana wa miaka saba, aliyeletwa kupimwa upya na baba yake, makanika wa gereji ya jirani. Fundi akamwambia asimame wima. Msichana akasimama, halafu akauliza kwa adabu zote:

"Bibi, nipumue au nisipumue?"

Futi ikabaki hewani. Fundi akataka kujua mara ya kwanza alifanya nini. Hakupumua, mtoto akasema, kwa sababu bibi alikuwa na pini mdomoni na sura ya kugomba. Makanika akajikuna kisogo.

"Tusifichane, Mama Simama," akasema. "Hata mimi nilikuwa nabana pumzi. Darasa letu zima. Tulikuwa tunapumua tukifika nje."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye, walipokwisha kuondoka, hakucheka. Miaka yote hiyo watoto walibana pumzi, na nguo zikawabana wao. Vifua ni vilevile. Ila siku hizi mtoto akivaa nguo mpya, kuna mtu nyumbani anayemuuliza kama inambana, na anayengoja jibu.

Kesho yake pini zilihama mdomoni zikaenda kwenye kimto kidogo anachokivaa mkononi. Ndipo alipoanza kuwauliza watoto nani anakoroma kwao. Huwezi kukoroma bila kuvuta pumzi.

Si kila jipya linamwingia akilini. Juzi msichana mmoja alitaka mifuko mitatu kwenye gauni. Wa kwanza wa kalamu, wa pili wa leso. Wa tatu je? Huo ni siri. Fundi akashona.

"Fundo la kamba," anasema, "halijawahi kuniomba mfuko."

Saa nne kasoro, maongezi yanakatika. Mwalimu mkuu anavuka barabara akiwa na kifurushi mkononi. Muhula huu zimetoka sare sabini na moja, na mpaka leo hakuna iliyorudi. Fundi anavua miwani, anaivaa tena. Binti yake anaacha kukanyaga cherehani.

Mwalimu anaweka gauni mezani.

"Linabana?" fundi anauliza.

"Halibani. Mwenyewe anataka mfuko wa siri kama mwenzake." Kisha anaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba sare za mwakani azishone yeye.

Akishaondoka, binti anatoa rafuni mita tatu za kitambaa cha maua. Kimekaa hapo tangu mwaka jana, kikingoja siku fundi atakapokuwa na amani. Nguo zake zote hukata kwa kulaza gauni kuukuu juu ya kitambaa kipya. Tangu azaliwe hajawahi kuzungushiwa futi na mtu. Gauni hili anataka lipimwe mwilini mwake, livaliwe siku ya kufunga shule, na liwe na mfuko. Wa nini, hasemi.

Anasimama mbele ya kioo kilichopasuka. Binti anamzungushia futi kifuani. Watoto kwenye benchi wanatazama.

"Mama," binti anasema. "Pumua."