Seli Zilizong'aa Katika Maji ya Mgodini

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya chuo kikuu hapa Johannesburg nilipewa chupa za kuosha. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja katika maabara ya hospitali kule Tanga, nikipima malaria na minyoo, na nilidhani kuosha chupa nakujua. Msimamizi wa Maabara, mama wa Soweto mwenye sauti ya chini, aliichukua chupa niliyomaliza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia.

"Kwa macho yako ni safi," alisema kwa Kiingereza. "Hapa tunashughulika na vitu ambavyo macho yako hayavioni. Osha tena."

Niliosha mara nne. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnanunua vyombo vilivyokwisha kusafishwa, mnavitumia mara moja na kuvitupa. Sisi tuliosha, tukavitia katika mashine ya mvuke mkali ya kuua vijidudu, kisha tukaanza kuwa na wasiwasi.

Maji tuliyoyachunguza yalitoka katika nyufa za miamba, chini kabisa ya migodi ya dhahabu magharibi ya jiji. Ndani yake waliishi arkea, viumbe wa seli moja, wadogo kama bakteria lakini wa ukoo mwingine. Arkea hana kiini, yaani kile kifuko ndani ya seli kinachotunza kromosomu. Seli zetu sisi, na za mimea, na za uyoga, zina kiini, na kromosomu zake ni nyuzi ndefu za DNA zilizozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye bobini. Baadhi ya arkea nao wana histoni, ila za namna rahisi zaidi. Wataalamu wengi wanakubali kwamba zamani sana arkea mmoja alikaa na bakteria ndani yake, wakashindwa kuachana, na kutokana na muungano huo zikapatikana seli za aina yetu. Yule bakteria ndiye leo tunamwita mitokondria, anayezipa seli nguvu. Lakini kiini kilitoka wapi? Na ilikuwaje duara moja la DNA likawa kromosomu nyingi zenye ncha mbili mbili? Hayo Profesa wetu alitaka kuyajua kabla hajastaafu. Alikuwa mtu asiyekaa. Hata chai aliinywa akitembea kati ya meza.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa chumba cha kuotesha, chini ya Dakta Nsimire, binti wa Bukavu aliyekuja kusoma akabaki kufanya utafiti. Nilimzidi umri kwa miaka mingi, naye akaniita Mama Zuhura, kwa jina la binti yangu. Arkea wetu walikufa wakiguswa na oksijeni, kwa hiyo tuliwafungia katika chupa zilizojazwa gesi ya naitrojeni na kuzibwa kwa mpira, na kila tulichowapa kilipita kwenye sindano. Walikua polepole mno. Chupa moja ilichukua miezi kabla ya kuonyesha ukungu mwembamba chini. Pamoja na kila kundi la chupa tuliandaa moja yenye chakula kilekile bila maji ya mgodi. Hiyo tuliiita chupa shahidi. Kikiota kitu humo, basi kimetoka kwenye mikono yetu, hakikutoka mgodini.

Asubuhi moja Dakta aliniita kwenye hadubini. Alikuwa ametia rangi inayofanya DNA ing'ae.

"Mama, angalia pale kati. Unaona nini?"

Niliona seli ndogo, na ndani ya kila moja nukta ya mwanga iliyokusanyika mahali pamoja, yenye ukingo. Katika arkea tuliowazoea mwanga ulitapakaa tu.

"Kama kiini," nilisema.

"Iko kama kiini," alisema taratibu. "Miaka tatu, Mama. Miaka tatu niko naangalia maji."

Profesa alipoona aliacha kikombe chake juu ya mashine, kitu alichokuwa akitukataza. Vipimo vya kusoma DNA vingechukua wiki kadhaa, lakini Jumatatu walikuwa wanakuja wafadhili, naye akasema atawaeleza kwamba huenda tumepata kiumbe aliyesimama katikati, kati ya seli rahisi na seli kama zetu.

Mimi sikufurahi, na nilijua kwa nini. Siku ile chupa hiyo ilipoandaliwa, umeme ulikatwa, ule mgao wa zamu. Feni ya meza yangu ya hewa safi, inayozuia vijidudu vya hewani, ikazima. Sheria ilikuwa: simama, ziba, andika kwenye daftari. Zilikuwa zimebaki chupa mbili, hiyo na chupa shahidi. Nilitazama chini barabarani, robot, zile taa za kuongoza magari, zote zimezima, magari yamebanana, nikawaza nitakavyokosa teksi ya kurudi nyumbani La Rochelle. Nikamalizia zile mbili katika hewa iliyosimama. Sikuandika neno.

Siku mbili nilizunguka na siri hiyo. Nyumbani nilipika wali ukaungua. Kazini nilifuta meza zilizokwisha kufutwa. Kibali changu cha kazi kilitegemea mkataba, na mkataba ulikuwa unakaribia kwisha. Ijumaa wenzangu walipokwenda kula, nilichukua tone kutoka chupa shahidi, ya pili kati ya zile mbili, nikalitia rangi, nikainama.

Zilikuwa humo. Seli zilezile, na nukta zilezile zinang'aa.

Nilibaki nimeishika chupa ile. Sinki lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Ningeimwaga, ningesema imevunjika, na chupa huvunjika kila mwezi. Nitawaambia kweli: niliinuka na kulisogelea lile sinki. Kisha nikasikia viatu vya Dakta kwenye korido, nikageuka nayo mkononi.

"Dakta, naomba uangalie hii kabla hujasema lolote."

Aliangalia muda mrefu. Nikamweleza yote, umeme, feni, teksi.

"Unajua uko unanipa nini, Mama?"

"Najua."

"Hapana. Hujui." Alivua glavu zake, akaziweka mezani moja moja, akatoka.

Profesa alinisikiliza akiwa amekaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Dakta Nsimire."

"Basi watajua wote. Andika kwenye daftari, leo, na saa uliyofanya." Jumatatu aliwaambia wafadhili kwamba hakuna jipya. Vipimo viliporudi, zile seli zilikuwa za jamii ya hamira, ambayo huweza kuishi bila oksijeni, na ambayo ina kiini kamili kama mimi nilivyo nacho.

Mkataba wangu uliongezwa, lakini niliondolewa chumba cha kuotesha. Miaka iliyofuata niliwafundisha wanafunzi kuosha chupa. Dakta Nsimire alinisalimia kwa adabu na kupita, karibu mwaka mzima. Kisha siku moja alinijia na picha za arkea halisi, DNA yao imejizungusha kwenye histoni, mizunguko midogo iliyopangika. Si kiini, wala si jibu. Ila ilikuwa kweli, na jaribio alikuwa amelirudia mara sita.

"Nilitaka wewe uzione kwanza," alisema. Tukazitazama pamoja.

Sasa nimestaafu na miguu yangu haijakubali. Kila asubuhi natembea kutoka La Rochelle hadi Rosettenville na kurudi, bila shughuli. Sijui kama Profesa, ambaye naye amestaafu, siku hizi anakaa chini. Najiuliza mpaka leo kama ningegeuka, endapo zile hatua koridoni zingekuwa za mtu mwingine.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha shuleni, kromosomu zilianzaje. Nilimweleza kwa Kiswahili, polepole, habari za arkea na bakteria, na bobini, na duara la DNA. Nilipofika mahali ambapo hatujui, nikasimama hapohapo. Alingoja. Kisha akaenda jikoni kunishtaki kwa mama yake, kwamba bibi ameanza hadithi na amekataa kuimaliza.