Parabole juu ya Karavani ya Uzazi

Gari la askari liliposimama mbele ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja mtaa wa Mususa, Bénite Kavira alikuwa juu ya mabati, ufunguo wa kukazia nati mkononi, akisukuma parabole, ile sahani ya kunasa picha za televisheni, kidogo kidogo huku akimpigia kelele mwenye nyumba aliyekaa ndani mbele ya televisheni. "Picha imekuya? Bado? Na sasa?" Ulikuwa mwaka wa 2000, vita vya pili vya nchi vilikuwa vimetimiza miaka miwili, na Butembo yote ilijua kwamba matajiri wakirudi kutoka Dubai na parabole, wa kuzifunga ni yeye.

Adjudant Gérard, mkubwa wa askari hao, alishuka garini, akatazama juu.

"Fundi ya parabole iko wapi?"

"Ni miye."

Adjudant akacheka. "Mama, nimesema fundi. Bwana yako iko wapi?"

"Bwana yangu Kambere iko masomoni, anafundisha batoto hesabu. Hajue hata kubadilisha ampoule ya taa. Unataka yeye, ama unataka picha?"

Adjudant aliacha kucheka. Alisema komanda wake kule Beni alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya leo. Hakuuliza kama Bénite ana nafasi. Bénite akashuka ngazi, akapanga vitu vyake katika mfuko: boussole ya kuonyesha pande, nivo ya kupimia usawa, funguo, na televisheni ndogo ya kutafutia picha. Mwenye nyumba aliachwa na parabole inayoangalia mawingu.

Njiani Bénite alipakata mfuko wa vifaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kazi alijifunzia kwenye phonie ya kanisa, ile redio iliyounganisha misheni na zahanati za porini. Msichana aliyewekwa pale kuandika ujumbe akaanza kufungua mashine zilipokufa, akazirudisha zikiwa hai, mpaka wachungaji wakaacha kuita fundi kutoka mbali. Walizoea. Lakini kila mtu mpya alimuuliza bwana yake yuko wapi, na kila mara hasira ilimpanda kama mara ya kwanza.

Beni walifika kabla ya saa sita. Komanda Henri aliishi katika kiwanja kimoja kikubwa nyuma ya ukuta wa matofali. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mrefu, mwenye Kilingala kingi na viatu vinavyong'aa. Nyumba hakuitaka, maana alisema nyumba inajulikana na adui. Alilala katika karavani.

Bénite aliiona karavani ile akasimama palepale.

Ilikuwa nyeupe, ya magurudumu mawili. Mlangoni rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, lakini herufi za jina la kanisa bado zilisomeka. Hiyo ilikuwa karavani ya uzazi. Miaka mitatu mfululizo Land Rover ya misheni iliivuta katika matope mpaka Kasugho na Manguredjipa, na ndani yake muuguzi Orpa alizalisha wanawake ambao wangekufa barabarani wakitafuta hospitali. Taa zake, nyaya zake, batri yake, yote Bénite ndiye aliyeyafunga. Alikuwa amesafiri nayo mara moja mpaka Kasugho, akashika kitambaa wakati Orpa anamtoa mtoto aliyekuja miguu mbele. Mwaka uliopita askari walikuja kuiazima, siku tatu tu, ya kubeba majeruhi. Kanisa liliandika barua nne. Hakuna iliyojibiwa.

"Ingia, mama," akasema adjudant. "Sababu ya nini unasimama?"

Aliingia. Kitanda cha kuzalishia kilikuwa kimeng'olewa, mashimo ya skrubu yako wazi sakafuni. Mahali pake waliweka godoro na kiti cha ngozi. Karai la kunawia mikono lilijaa majivu ya sigara. Na kule pembeni ilikuwepo ile frigo ndogo ya petroli, ya kutunza chanjo za watoto. Bénite aliifungua. Ilikuwa imejaa chupa za pombe mpaka juu.

Akaifunga. Akatia mikono katika mfuko wa vifaa kana kwamba anatafuta kitu.

Komanda Henri alimweleza anachotaka. Saa tisa wakubwa wake watakuja kutazama mpira naye. Parabole, ya mita moja na nusu, ikae juu ya karavani, mtu yeyote akipita barabarani aione.

"Juu hapana," Bénite akasema. "Hiyi toiture ni bati nyembamba. Nikitoboa, mvua itaingia, upepo itapasua yote. Tutasimika nguzo chini."

"Ni karavani yangu. Toboa."

"Haiko yako."

Alisema polepole, lakini alisema. Adjudant aliangalia viatu vyake mwenyewe. Komanda alimkazia macho Bénite, kisha akatabasamu.

"Cachot ya kufungia batu iko pale nyuma, mama. Iko na nafasi. Fanya kazi."

Bénite alifanya kazi, lakini hakutoboa. Alidai chuma, wakamletea nguzo ya lango. Aliisimika katika ardhi hatua mbili kutoka mlangoni, akaipimia nivo mpaka ikasimama wima, akawaambia askari wawili waishindilie mawe. Karavani yenyewe ilikuwa imeinama, gurudumu moja halina upepo. Akaamuru iinuliwe kwa matofali, maana ikizidi kuinama ingeangukia nguzo, na hakutaka aitwe tena kwa sababu ya uvivu wao. Akafunga sahani juu ya nguzo, akatoa boussole, akaigeuza sahani upande jua linakotoka, akawasha groupe ya umeme na ile televisheni yake ndogo. Kioo kilijaa chenga nyeupe kama theluji. Akasukuma kidogo. Theluji. Akapandisha kidogo, akateremsha, akazungusha kile kichwa kidogo kilicho mbele ya sahani, kinachokamata mawimbi. Ghafla watu wenye jezi nyekundu walianza kukimbia juu ya majani mabichi.

Askari walipiga makofi. Komanda Henri alitoka ndani akisugua mikono. "Voilà! Mwanamuke huyu ni mashine."

Hapo ndipo Bénite alipokaza roho. Alichukua ufunguo, akakifungua kile kichwa cha parabole, skrubu moja, skrubu mbili. Watu wenye jezi nyekundu wakapotea. Akaketi juu ya tofali, kichwa kikiwa mapajani mwake.

"Unafanya nini?" komanda akapaza sauti.

"Frigo kwanza."

"Frigo gani?"

"Ile munatia ndani pombe. Ni ya chanjo ya batoto. Batoto banakufa na surua kule Kasugho, Orpa hana pa kuweka chanjo, na wewe unapoza bière. Karavani siwezi kuvuta na mikono yangu. Lakini frigo naweza kubeba. Toa chupa zako, nitie frigo yangu katika gari, nitakurudishia picha."

"Unajua naweza kukuua?"

"Najua. Na saa tisa utabaonyesha nini wakubwa yako? Miye?"

Komanda alizunguka karavani mara mbili. Alimtukana kwa Kilingala, akamtukana mama yake, akamtukana na kanisa. Aliita adjudant, akamwambia amnyang'anye. Adjudant Gérard alimsogelea Bénite, akainama, akasema chini chini kwamba kukinyang'anya anaweza, kukirudisha mahali pake hakuna anayejua. Alimrudishia komanda jibu hilohilo, kwa maneno ya heshima zaidi.

Pale barabarani honi ilianza kulia. Wageni walikuwa wamefika kwenye kizuizi cha barabara.

Chupa zilitolewa moja moja zikawekwa katika ndoo. Frigo ilibebwa na askari wawili mpaka kwenye lori la viazi lililokuwa linateremka Butembo, na Bénite hakuinuka mpaka alipoona imefungwa kamba. Ndipo alipokirudisha kichwa, akakaza skrubu, na picha ikarudi. Alipanda lori, akakaa juu ya magunia akiikumbatia frigo kama mtu aliyetoka hospitali na mgonjwa wake.

Orpa alipoiona mlangoni pa zahanati alianza kulia, kisha akanusa ndani, akalaani, akaleta sabuni. Waliisugua wawili mpaka usiku.

Siku ya tatu askari walikuja kwenye atelier, karakana ya Bénite. Walichukua phonie ya kanisa iliyokuwa inatengenezwa, televisheni ndogo, nivo, boussole, na yeye mwenyewe. Alilala siku nne katika cachot ya Butembo, kosa lake halikuandikwa popote. Kambere alikuja kila asubuhi na bugali ya mihogo, akasimama nje ya waya. Siku ya kwanza alimwita kwa jina la mtoto wao, "Mama Élisée, kwa frigo?" Kwa sauti ya mtu aliyechoka kuogopa. Bénite akamjibu, "Kwa frigo. Na ningekuwa na nguvu ningebeba karavani yote." Kambere alimpenyezea bugali katikati ya waya.

Walimtoa kwa sababu wachungaji walikaa mbele ya bureau, ofisi ya askari, wakiimba mpaka mkubwa mmoja akakasirika na kelele. Vifaa havikurudi.

Karavani ilivutwa kwenda Kayna majeshi yalipohama. Parabole walijaribu kuifunga juu yake, bati likapasuka. Walituma mtu kumwita Bénite. Alimwambia mjumbe kwamba hana nivo, aende akamuulize aliyeichukua.

Vita vilipokwisha, kanisa liliomba karavani yake kwa wakuu wapya. Bénite alifuatana na Orpa. Karani alisikiliza, akaomba karatasi ya umiliki. Orpa akasema karatasi ziliibwa pamoja na karavani, zilikuwa katika saraka yake.

"Sans papier, mama, tutajua namna gani ni yenu?"

Bénite aliegemea meza ya karani kwa mikono yote miwili. "Balioiba balikuonyesha karatasi gani?"

Karani aliinamisha kichwa, akaanza kupanga mihuri yake. Orpa alimvuta Bénite kwa kitenge, lakini Bénite alivuta kiti, akakaa, akasema atangoja jibu la barua ya kwanza kati ya zile nne za kanisa.