Diski Iliyojazwa Lumbesa

Mama mkwe wangu alianza kupoteza macho, na mwaka ule masikio nayo yakaanza kumtoka. Kila juma ilibidi nipandishe sauti zaidi. Nilijua kwamba hizi mvua zikiisha, huyu mama hatasikia hata jogoo akiwikia kitandani mwake. Ndiyo sababu ile diski ilininyima raha.

Ilitoka kwa binti yangu wa kwanza, aliyekuwa Amerika akisoma na kutunza wazee wa watu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo yule mtoto ni mama mkwe wangu aliyezaliwa tena. Hata mama mkwe mwenyewe aliwaambia watu kanisani, "Mimi niko Amerika. Hapa niliacha mifupa tu." Barua binti hakuandika, cucu wake, yaani nyanya yake, angeisomaje? Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya chuo, Jumapili baada ya Jumapili, akimwongelesha cucu kwa Kikuyu tangu baridi yao ilipoanza mpaka ikaisha. Kisha akaweka yote kwenye diski moja, akatuma.

Mashine ya diski tulikuwa nayo. Kijana wangu, ambaye alifanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Timau, aliileta Krismasi. Ilitumia betri ya gari, maana umeme ulipita barabarani tu, kwetu haukuingia. Diski ya nyimbo za kanisa ilicheza vizuri. Ya binti ikazunguka, ikakoroma, ikanyamaza.

"Imeanza?" mama mkwe akauliza. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani.

"Bado, maitu," nikasema, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikuyu.

"Sasa?"

"Bado!"

"Wewe unaificha. Tangu uolewe hapa hujawahi kunipa kitu kizima."

Niliichukua diski nikaiosha kwa maji moto na sabuni, nikaipangusa kwa leso. Ikakoroma vilevile. Nikasema ni betri. Nikaifunga kwa punda, nikaipeleka Naro Moru ichajiwe, nikarudi, diski ikakoroma vilevile. Kijana wangu alipokuja likizo akanicheka.

"Ati umeosha diski, mami? Kama sufuria?"

"Wewe ulileta mashine. Ifanye iseme."

Naye akashindwa. Usiku nililala nikiwa macho. Mchana nililima mstari mmoja, naacha jembe, naenda kuijaribu tena, kama mtu anayechungulia chungu kisichochemka. Na mama mkwe pale kitini, ameelekeza sikio moja kwa mashine. Lile lingine alisema halina kazi tena.

Jumapili baada ya ibada binti alikuwa akinipigia simu kwenye duka moja la Naro Moru. Sikumsalimia hata.

"Diski yako ni bubu."

"Si bubu, mami. Hiyo mashine inajua diski za kawaida tu. Mimi nilizifinya zile sauti zikawa ndogo, ndio zitoshe zote mahali pamoja. Sasa mpaka kompyuta, ama mashine mpya zinazojua kuzifungua."

"Ulizifinya?"

"Zingejaa diski nyingi sana!"

"Umefanya lumbesa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nimelima viazi maisha yangu yote. Broka anakuja, gunia likijaa anashonea wavu juu ya mdomo wake, anaendelea kujaza mpaka linakuwa na kichwa kama mtu, na bado analiita gunia moja. Punda wangu alikuwa akikataa lumbesa. Analiangalia tu, anageuza masikio. Sasa mtoto niliyemlea kwa viazi hivyo amemshindilia cucu wake maneno ya miezi kwenye diski moja, halafu anashangaa mashine ikigeuza masikio.

"Tuma nyingine, ya kawaida," nikamwambia.

"Itafika mwezi ujao, mami, ama ule mwingine."

Mwezi ujao! Nikamkatia simu.

Kesho yake nilibeba ile diski na redio kaseti yetu nikaenda Nyeri, mahali wasichana wanafundishwa kompyuta. Mwalimu wao aliingiza diski, akabonyeza, na binti yangu akaongea ndani ya chumba kile. Nilikaa chini bila kuambiwa. Alikuwa anamwambia cucu kwamba theluji haina sauti, kwamba unaamka unakuta imefunika kila kitu na hakuna aliyeisikia ikija.

Kuitia kwenye kaseti kulitaka njia ya zamani. Tuliweka redio karibu na spika ya kompyuta, nikabonyeza kitufe chekundu cha kunasa sauti, watu wote wakaambiwa wanyamaze. Msichana mmoja nyuma akaanza kucheka.

"Nyamaza wewe, hapa si sokoni!" nikafoka. Na hiyo nayo ikaingia.

Jioni nilimwekea mama mkwe redio begani, karibu na sikio zuri. Akasikiliza. Uso haukubadilika. Sauti ya binti ilikuwa ndogo, imetoka mbali, na kila mahali ilipopita ilikuwa imepunguzwa kidogo. Nikaona nimechelewa, nikatamani kuipiga ile redio teke.

Mara akashtuka, akatabasamu.

"Huyu anayegombana ni wewe. Umefika Amerika lini?"

Mimi alinisikia. Hapo nikazima redio, nikavuta kiti. Niliwasha kidogo, nikasikiliza maneno ya binti, nikazima, nikayarudia sikioni mwake kwa nguvu ile ninayotumia kufukuza ng'ombe kwenye mahindi.

"ANASEMA ANAKUPENDA KUSHINDA CHAI!"

"Nani?"

"WEWE! YULE WA AMERIKA!"

Jirani alikuja mpaka uani kuangalia kama tunapigana. Akatukuta tumeshikana mikono, mimi nimekauka koo, mama mkwe na kofia yake ya kanisani imeenda upande.

"Na ile ya theluji," akasema. "Irudie. Lakini usinigombeze, mama."

Betri za redio zilikuwa zinaisha. Nikachomoa kaseti, nikatia kalamu kwenye kitundu chake, nikaanza kuizungusha irudi mwanzo.