Jicho Alilonipa Mtani

Nawasalimu nyote, wazima na mnaojifanya wazima ili msipelekwe zahanati. Mimi ni Shija, nasoma sekondari hapa Shinyanga, na haya nayaandika nikitazama kwa jicho lenye kipande cha marehemu. Msikimbie.

Jicho langu la kushoto liliondoka na surua nikiwa mchanga, likasinyaa kama kunde kavu. Wenzangu waliniita Chongo. Nikawaambia nawaona nusu tu, na hiyo nusu inanitosha. La kulia lilikuwa zima, nalo ndilo lililonifikisha sekondari.

Likizo ya kuvuna pamba, nimeinama shambani kwetu Bugarama, ncha ya ganda kavu la pamba ikanichoma jicho hilo hilo. Shangazi akanikamulia maji ya majani, maana kwetu ndivyo tunavyotibu macho. Yaliwasha kama pilipili. Jicho likavimba, likatoa usaha wa njano uliogandisha kope, na kila mwanga ukawa msumari. Kisha mwanga wenyewe ukaisha. Nikabaki na weupe kama nimeingizwa ndani ya uji.

Baba akanipeleka hospitali ya misheni.

"Kidonda kitapona," daktari alimwambia, "ila kitaacha kovu jeupe mbele ya mboni."

"Atasoma?"

"Hapana. Labda tumpandikizie ngozi ya jicho la marehemu. Daktari wa macho huja mara chache kwa kindege. Lakini huku nani atakubali jicho la maiti wake litolewe?"

Kwetu mtu akizikwa amepungua kiungo, watasema kaliwa na wachawi.

Nililazwa kwa muda mrefu. Daktari wa macho alipofika, kitanda cha pili kilikuwa na mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, jina lake Pazi. Shimo walilokuwa wakichimba, wenyewe wanaliita duara, lilikuwa limemwangukia kifuani. Sikumwona. Nilimsikia tu, akipumua kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Mama yake, muuza vitumbua wa mjini, alikaa katikati yetu. Walikuwa Wazaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo hatukuachana salama.

"Mtani," Pazi akasema, "nikifa chukua macho yangu, uone mwenyewe Wasukuma mlivyo na sura mbaya."

"Nipe moja. Mawili ya Mzaramo yataniibia viatu."

Mama Pazi alicheka. Daktari wa macho, aliyekuwa akinipima, hakucheka. Akamwuliza Pazi kama anatania.

"Natania, na ninamaanisha. Mama, umesikia."

Kesho yake asubuhi pampu ilinyamaza.

Baba mdogo wa Pazi alikuja kuchukua mwili. Alipoambiwa habari ya jicho, akakataa. "Mwanetu hazikwi akiwa na pengo."

"Mtani akija msibani akabeba sufuria, kama ilivyo haki yake, unamnyang'anya?" Mama Pazi akamwuliza.

"Jicho si sufuria, shemeji."

"Kweli. Sufuria ningempa bila kulia."

Mwisho baba mdogo akasema lawama isiwe juu yake, akatoka nje.

Walichukua jicho moja tu, kwa sababu langu la kushoto halipandikiziki. Baada ya operesheni nililazwa chali, bandeji usoni, mfuko wa mchanga kila upande wa kichwa. Nilikatazwa kutikisika, hata kucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Ukuta wa udongo mwekundu, umelowa. Mshumaa umebandikwa juu ya jiwe. Vumbi likidondoka punje punje. Mimi sijashuka duara hata siku moja. Nikamwambia daktari.

"Tulichokupa ni ile ngozi angavu ya mbele tu," akasema, "kama kioo cha dirisha. Kioo hakimkumbuki aliyechungulia. Ni ubongo wako unacheza."

Nikakubali. Ukuta haukukubali. Ukawa unanisogelea.

Siku ya kufungua bandeji, mwanga uliingia kama maji. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi mwenye kanga. Sikuwahi kumwona kwa jicho, na alikuwa hajatamka neno. Mdomo wangu ukasema, "Shikamoo mama. Umekonda."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Mama Pazi alikuwa mnene.

Alishika mlango. Akasema, "Tangu tumzike silali. Jicho moja nilimfumba kwa mkono wangu. Hili halikufumbwa na mtu. Namwota amekaa kitako, amelikodoa, ananingoja."

Nesi alitaka kumtoa. Nikamwambia amwache. "Fumba, mama. Ila usikandamize, bado lina nyuzi."

Akaishusha kope yangu kwa kidole kinachonukia iliki, akasoma dua kwa sauti ndogo. Ndani ya giza ukuta ulikuwepo, na mshumaa. Ukazimika taratibu, kama umepulizwa makusudi. Nikajaribu kufumbua, kope ikawa nzito. Nikawaza, basi, Pazi ameondoka nalo.

"Huyu amelala," Mama Pazi akasema. "Wewe fumbua, mwanangu, ukasome."

Nikafumbua. Ukuta sijauona tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na zaidi yao wote huyo mama, ambaye sasa nikipita kwake hunitukana kiutani mbele ya wateja. Jicho likiumia, msitie majani, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Na mnaopumua vizuri, semeni leo, mama asikie na watu wasikie, kwamba mkifa kinachofaa kichukuliwe. Mkinyamaza, ataamua baba mdogo.

Mimi nimeshamwambia mama yangu. Alinipiga kofi, akarudi jikoni. Baadaye akaja mlangoni akifuta machozi ya moshi, akauliza kama macho mekundu nayo wanapokea.