Mgeni Aliyeuombea Ukumbi

Kisa hiki nilisimuliwa na shangazi Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, nikamwomba akirudie ili nisikosee maneno.

Mwaka juzi ukumbi wa umma ambao mababu zetu, wafanyakazi wa reli, waliujenga hapa Nakuru ulitangazwa kuuzwa. Sote tulipinga. Mnunuzi akaja kuupima, akawakuta akina mama ndani, shangazi akiwemo, wakipanga mazishi ya jirani.

"Boss, vua kofia," mwenyekiti wao akamwambia. "Hapa kuna matanga."

Akavua, akaketi, tepu ya kupimia mapajani. Ajenda zilipokwisha, mwenyekiti akasema, "Mgeni ndiye hutufungia kwa maombi."

"Mathe, mimi nimekuja kupima tu."

"Utapima. Kwanza simama utuombee."

Akasimama, tepu kwapani. Akamwombea marehemu, akawaombea wafiwa. Kisha, macho yakiwa yamefumbwa, akaongeza lile ambalo watu huongeza kila mahali: "Na uilinde nyumba hii, Baba, na kila adui anayeinyemelea."

"Amina," wakaitikia akina mama, kwa nguvu ambayo shangazi hajaisikia hata kanisani.

Katibu akaliandika ombi hilo kwenye daftari la mkutano, akampa mgeni kalamu atie sahihi. Akatia. Akanywa chai, akaenda bila kupima, wala hakurudi. Tulikuwa tumeandika barua nyingi za pingamizi, na hakuna iliyofanya kazi kama ukurasa ule.

Mwenyekiti alifariki mwaka jana, na mazishi yake yalipangiwa humo humo. Shangazi na katibu wangali hai. Mnunuzi pia yu hai. Akipita pale, huvua kofia.