Kura ya Mke wa Fundi Tepu

Jirani yangu huyu sijapata kumwona bila tepu ya kupimia shingoni. Hata msibani huja nayo. Ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Fundi Tepu, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu.

Kwa miaka mingi alishona sare za wafagiaji wa baraza la mji: makoti ya manjano yenye mifuko mipana, na kwapani mshono umepigwa mara mbili, maana mkono wa mfagiaji haupumziki. Sare hizo ndizo zilizosomesha wanawe. Kazi yenyewe aliipata kama wengine wote walivyopata kazi za baraza siku zile: mtu kamjua mtu. Hakuiba wala hakuhonga. Alijulikana tu, na mafundi wengine hawakujulikana.

Kisha mkewe, mwalimu wa chekechea, akagombea udiwani. Fundi Tepu alizunguka naye kila uchochoro akijiita meneja wa kampeni, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kubeba viti vya mikutano. "Aliyewanyamazisha watoto wetu," alikuwa akiwaambia watu, "atashindwa na madiwani?" Hakushindwa. Alipata kiti.

Baraza jipya likaanza kuandika kanuni mpya, na mwalimu akawa mmoja wa waandishi. Vikao viwe wazi, wananchi waingie na kusikiliza. Zabuni zote zifunguliwe mbele yao. Tena diwani, mume, mke au mtoto wake, asifanye biashara na baraza.

Jioni moja, wakiwa mezani, mkewe akaweka kijiko chini.

"Baba watoto, unajua kanuni ile inaanza kubomoa nyumba ipi?"

"Hii tuliyokaa."

"Wapinzani wako nusu kwa nusu nasi. Siku ya kura naweza kuumwa, kanuni ianguke. Hakuna atakayenilaumu."

Fundi Tepu aliyafikiria majora ya kitambaa cha manjano yaliyojaa dukani, na umri wake, na macho yanayoanza kusumbuka kutunga uzi.

"Mama," alisema mwishowe, "nilivibeba viti vile mtaa mzima ili siku ya kura ulale kitandani?"

Mkewe akacheka, kisha akalia kidogo, wakaendelea kula.

Ndugu yake fundi alipopata habari alikuja mbio. "Kaka, shemeji anakukata mkono!"

"Mkono ni wangu," Fundi Tepu akamjibu. "Mbona wewe ndiye unayelia?"

Siku ya kura alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, akakaa juu, kwenye viti vya wananchi. Diwani mmoja mnene alisimama akamnyooshea mwalimu kidole. "Mheshimiwa huyu anatuhubiria usafi, kumbe sare za wafagiaji zinashonwa chumbani kwake!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu akasubiri hadi watulie, kama alivyozoea darasani.

"Si chumbani, ni dukani, nyuma ya posta. Karibuni mpimwe," alisema. "Na ni kweli, mume wangu ni fundi wa baraza hili. Sijaona anayemzidi kwa mshono. Lakini yeye alichaguliwa na mtu mmoja ofisini, mimi nimechaguliwa na kata nzima. Kura yangu ni ndiyo."

Kanuni ikapita. Fundi Tepu akasimama akapiga makofi peke yake, mpaka askari wa mlangoni akamsogelea. "Mzee, huku juu makofi hayaruhusiwi."

"Nitoe basi," akasema, "ila ngoja nimalize."

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Cherehani moja aliikodisha, akarudi kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu. Zabuni ilipofunguliwa hadharani, kikundi cha akina mama wa ng'ambo ya mji, ambao zamani hawakuwahi hata kupokelewa barua yao ya kuomba kazi, ndicho kilichoshinda. Kiongozi wao akaja dukani kwa woga.

"Shikamoo, fundi. Tumekwama kwenye mkono wa koti."

"Marahaba. Lete kitambaa."

Aliwaelekeza mpaka wakaelewa. Yule mama akauliza kama mheshimiwa ndiye aliyemwambia awasaidie.

"Mheshimiwa akijua mko hapa atanifukuza nyumbani," akasema, wakacheka.

Juzi mteja mmoja alimchokoza: ati mkewe amemnyang'anya kazi. Fundi Tepu alitoa pini mdomoni kwanza.

"Ile kazi ilikuwa ya watu," alisema. "Amewarudishia."

Siku za kikao hufunga duka mapema na kwenda kukaa kule juu, safu ya mbele. Mgeni akiketi karibu naye, hamwachi atulie. Humgusa bega, akamwonyesha chini ukumbini. "Huyo anayesimama sasa hivi," husema, "ni mke wangu."